Saksonia, Uingereza, Geneva au Zürich: kisa kipi kifae kufundishia uhusiano wa dola na Matengenezo ya Kanisa?

Mwalimu wa historia ya Kanisa katika chuo cha Biblia, au mzee wa usharika anayeongoza kikundi cha kujifunza, kwa kawaida hupewa vipindi vichache tu vya kueleza Matengenezo ya karne ya 16, na katika vipindi hivyo hawezi kuizunguka Ulaya yote bila kuwaachia wasikilizaji wake mlolongo wa majina na miaka. Ni afadhali achague mahali pamoja, apachimbe hadi chini. Makala hii inalinganisha mahali panne ambapo watu waliotaka kulitengeneza Kanisa walilazimika kuamua watahusianaje na wenye mamlaka ya kidunia: Saksonia ya Martin Luther, Uingereza ya Henry VIII, Geneva ya John Calvin, na Zürich ya Ulrich Zwingli pamoja na wanafunzi wake waliofarakana naye.

Kuuliza kama mtawala alisaidia hakutufikishi mbali, kwa kuwa katika visa vyote vinne alisaidia. Ilivyokuwa kwa aliyekosa msaada huo inajulikana kutokana na Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyetaka kulitengeneza Kanisa karne moja kabla ya Luther, aliyechomwa moto Konstanz tarehe 6 Julai 1415 ingawa alikwenda huko akiwa na hati ya usalama kutoka kwa Mfalme Sigismund. Kipimo nilichokitumia ni kigumu zaidi. Matengenezo yalipomfikia mtawala mwenyewe, yakagusa ndoa yake, hazina yake, vita vyake au haki yake ya kuwa na neno la mwisho, nani aliweza kumwambia hapana, na aliyethubutu kusema hivyo alipatwa na nini?

Saksonia

Luther alipotoa hoja zake 95 dhidi ya biashara ya vyeti vya rehema, vilivyoahidi kupunguza adhabu ya dhambi, mwaka 1517, alikuwa mtawa na mwalimu katika chuo kikuu cha Wittenberg, chuo kilichoanzishwa mwaka 1502 na Friedrich, mtawala wa Saksonia aliyeitwa Mwenye Hekima. Friedrich alikuwa mmoja wa wateuzi saba waliokuwa na haki ya kumchagua kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, lililokusanya nchi za Ujerumani, na haki hiyo ilimkinga Luther kuliko hoja yoyote ya kitheolojia. Kaisari Maximilian alipofariki Januari 1519, Papa Leo X alihitaji kuelewana na Friedrich kuhusu uchaguzi uliokuwa unakuja, hivyo kesi ya yule mtawa ikalegezwa kwa miezi mingi, na katika miezi hiyo mitambo ya uchapaji haikulala. Baraza la Dola lililokutana Worms mwaka 1521 lilipomwondolea Luther ulinzi wa sheria, watu wa Friedrich walijifanya kumteka njiani, wakamficha katika ngome ya Wartburg, na humo akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Inafaa wanafunzi waambiwe pia kwamba mlinzi huyo alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa masalia ya watakatifu. Alimhifadhi mtu aliyekuwa akiibomoa ibada ambayo yeye mwenyewe aliipenda.

Mwaka 1523 Luther aliandika wazi kwamba mamlaka ya dunia yana haki juu ya mwili na mali, wala hayana haki juu ya nafsi ya mtu. Laiti historia ya Saksonia ingeishia hapo. Miaka miwili baadaye wakulima wa kusini mwa Ujerumani walidai, miongoni mwa mambo mengine, haki ya kila jumuiya kumchagua mchungaji wake na kukombolewa kutoka katika utwana, wakanukuu Maandiko kama walivyofundishwa. Luther kwanza aliwakemea watawala pamoja na wakulima. Kisha, maasi yalipoenea, akaandika maneno makali mno ya kuwataka watawala wawaue waasi bila huruma. Jeshi la wakulima lilivunjwa Frankenhausen tarehe 15 Mei 1525, na makadirio ya waliokufa katika vita hivyo kwa jumla hufika hadi watu 100,000. Tangu hapo, katika nchi za Walutheri, matengenezo ya kutoka chini yalipoteza sauti, yakabaki yale ya kutoka ikulu.

Jinsi mamlaka ya Kanisa yalivyohamia kwa mtawala ni jambo ambalo wengi hulipita haraka, nalo ndilo lenye mafundisho mengi. Maaskofu wa zamani walikuwa wameondoka katika mfumo na sharika zilikuwa katika hali ya kusikitisha. Wakaguzi waliotumwa na mtawala Johann mwaka 1527 na 1528 waliwakuta wachungaji wasiojua hata mambo ya msingi, na katekisimu za Luther za mwaka 1529 zilizaliwa kutokana na uchungu huo. Mtawala akapewa kazi ya askofu kwa sababu ya dharura. Dharura hiyo ilidumu hadi mwaka 1918, falme za Ujerumani zilipoanguka. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, wala sidhani Luther aliitamani, lakini chombo cha muda kisichowekewa kikomo tangu mwanzo hakina sababu ya kujiondoa chenyewe.

Kuhusu kipimo chetu, Saksonia na majirani zake wanaanguka vibaya katika kisa cha Philipp wa Hesse. Mtawala huyu, aliyekuwa nguzo ya umoja wa kijeshi wa Waprotestanti ulioundwa mwaka 1531, alitaka kuoa mke wa pili ilhali wa kwanza yu hai. Luther na mwenzake wa Wittenberg, Philipp Melanchthon, walimpa ushauri wa siri wa kukubali, ndoa ikafungwa mwaka 1540, na siri ikafichuka. Kwa kuwa kuoa wake wawili lilikuwa kosa la kifo katika sheria ya dola, Philipp alilazimika kutafuta maelewano na Kaisari Karl V, na umoja ule ukadhoofika kabla ya vita vya mwaka 1546 na 1547 vilivyoumaliza. Wanamatengenezo waliomkatalia papa na kaisari hadharani hawakuweza kumkatalia faraghani mtu ambaye upanga wake uliwalinda. Amani ya Augsburg ya mwaka 1555 ikaliweka jambo hilo katika sheria: mtawala ndiye atakayeamua dini ya nchi yake kati ya Ukatoliki na Ulutheri, na raia asiyekubali aruhusiwe kuhama.

Uingereza

Hapa mtawala hakungoja kuombwa. Henry VIII alikuwa amepewa na Papa Leo X cheo cha Mtetezi wa Imani mwaka 1521 kwa kuandika dhidi ya Luther, na mgogoro wake na Roma ulianza kwa sababu ya ndoa: alitaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe, lakini Catherine alikuwa shangazi wa Kaisari Karl V, ambaye askari wake waliuteka na kuupora mji wa Roma mwaka 1527. Papa Clement VII asingeweza kumridhisha Henry bila kumuudhi mtu aliyemshika shingoni. Mwaka 1534 Bunge likamtangaza mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Thomas More na Askofu John Fisher, waliokataa kuapa, walikatwa vichwa mwaka 1535. Kati ya mwaka 1536 na 1540 nyumba za watawa zipatazo 800 zilifungwa na mali yake ikaenda kwa mfalme, na sehemu kubwa ikauzwa kwa wenye nguvu, ambao tangu siku hiyo walikuwa na sababu ya kifedha ya kutotaka Roma irudi.

Tukio moja linatosha kuonyesha sura ya matengenezo haya. Tarehe 30 Julai 1540, pale Smithfield, London, wanamatengenezo watatu walichomwa moto kwa uzushi, na siku hiyohiyo, mahali hapohapo, Wakatoliki watatu walinyongwa kwa uhaini wa kukana ukuu wa mfalme juu ya Kanisa. Kosa lao wote sita lilikuwa moja: hawakusimama pale mfalme aliposimama siku hiyo.

Aliyechagua njia hii alichagua pia kuyumba kwake. Chini ya Edward VI, kati ya mwaka 1547 na 1553, ibada iligeuzwa kuwa ya Kiprotestanti. Chini ya Mary I nchi ilirudishwa Roma na watu wapatao 280 wakachomwa, akiwemo Askofu Mkuu Thomas Cranmer tarehe 21 Machi 1556. Mwaka 1559, chini ya Elizabeth I, iligeuzwa tena. Hata hivyo haingekuwa haki kuficha upande wa pili. Biblia ya Kiingereza iliwekwa makanisani kwa amri ya mfalme yuleyule, miaka michache tu baada ya mtafsiri wake mkuu, William Tyndale, kuuawa karibu na Brussels mwaka 1536, na kitabu cha sala cha Cranmer kiliunda lugha ya ibada ambayo bado inasikika, kwa Kiswahili, katika makanisa ya Kianglikana kuanzia Mombasa hadi Dodoma. Chombo kichafu kilibeba maji mazuri, na mwalimu mwaminifu atayataja yote mawili.

Geneva

Calvin alifika Geneva mwaka 1536 akiwa mgeni kutoka Ufaransa, na mwaka 1538 mabaraza ya mji yalimfukuza pamoja na Guillaume Farel, kwa sababu walikataa kuiachia serikali ya mji mamlaka juu ya meza ya Bwana. Aliitwa tena mwaka 1541, akaja na kanuni za Kanisa zenye huduma nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi. Wazee 12 walichaguliwa kutoka katika mabaraza ya mji, wakakaa na wachungaji kila Alhamisi katika baraza la nidhamu. Ugomvi mkubwa ulihusu nani mwenye haki ya kumtenga mtu na ushirika, na ulidumu hadi mwaka 1555, chama cha wenyeji kilichompinga Calvin kiliposhindwa. Kwa kipimo chetu, huu ni ushindi wa pekee: palikuwa na mji ambamo hata mtu wa ukoo mkubwa angeweza kuzuiwa mezani na Kanisa, na serikali isimrudishe.

Lakini ni katika mji huohuo ambamo Michael Servetus alichomwa moto tarehe 27 Oktoba 1553 kwa kuukana Utatu na ubatizo wa watoto. Hukumu ilitolewa na baraza la mji, Calvin akaiunga mkono, akiomba tu kwamba auawe kwa upanga badala ya moto, ombi ambalo halikukubaliwa. Uhuru wa Kanisa mbele ya serikali na uhuru wa mtu mmoja mbele ya Kanisa ni mambo mawili tofauti; Geneva ilijifunza la kwanza, ikamwacha msomi Sebastian Castellio karibu peke yake kulitetea la pili.

Zürich

Zwingli alianza kuhubiri katika kanisa la Grossmünster tarehe 1 Januari 1519. Zürich ilikuwa jamhuri ndogo iliyotawaliwa na mabaraza ambamo vyama vya mafundi vilikuwa na sauti, kwa hiyo hapakuwa na mfalme wa kuogopwa wala wa kubembelezwa. Wakati wa Kwaresima ya mwaka 1522 watu kadhaa walikula soseji nyumbani kwa mchapaji Christoph Froschauer, ingawa Kanisa lilikataza nyama wakati huo wa mfungo. Zwingli alikuwepo, hakula, lakini aliwatetea mimbarini. Januari 1523 baraza liliitisha mjadala wa hadhara, Zwingli akaleta hoja 67, na baraza likaamua kwamba aendelee kuhubiri kama alivyoanza. Tujiulize kilichotokea siku hiyo: walei waliochaguliwa kusimamia masoko, kuta na mahakama walikaa wakaamua fundisho lipi ni la Biblia, kazi ambayo hadi jana ilikuwa ya askofu wa Konstanz. Kwa wengi waliohudhuria, huo ulikuwa ukombozi.

Bei yake ilionekana miezi tisa baadaye. Katika mjadala wa pili, Oktoba 1523, ilikubaliwa kwamba sanamu na Misa havina msingi katika Maandiko, na swali likabaki moja: vitaondolewa lini? Zwingli alisema wakati utaamuliwa na baraza. Padri Simon Stumpf alisimama akamjibu kwamba baraza halina haki hiyo, kwa kuwa Roho wa Mungu amekwisha kuamua. Maelezo yote ya makala hii yamo katika majibizano hayo mafupi. Zwingli alikuwa na hoja nzito, maana haraka ingeleta fujo, na fujo ingewapa maadui sababu ya kuingilia kijeshi. Stumpf naye alikuwa na hoja, kwa kuwa neno linalosubiri ruhusa ya mkutano wa kisiasa limeshakubali kuwa chini yake. Misa iliendelea Zürich hadi Aprili 1525.

Wanafunzi wa Zwingli, Conrad Grebel na Felix Manz, walikwenda mbali zaidi. Kila mtoto wa Zürich alibatizwa, na ubatizo huo ulimfanya mtu wa Kanisa na mtu wa mji kwa tendo moja. Kukataa kumbatiza mtoto kulimaanisha kusema kwamba Kanisa na mji si kundi moja. Baraza lilielewa hivyo mara moja. Januari 1525 liliamuru wazazi wabatize watoto wao katika muda wa siku nane au waondoke. Jioni ya tarehe 21 mwezi huo, nyumbani kwa mama yake Manz, Grebel alimbatiza George Blaurock, na Blaurock akawabatiza wengine. Mwaka uliofuata baraza liliweka adhabu ya kifo kwa kuzamishwa majini, na tarehe 5 Januari 1527 Manz alifungwa mikono akatupwa katika mto Limmat. Zwingli, aliyekuwa amesoma naye Maandiko, hakuupinga uamuzi huo. Kwangu mimi hili ni jambo zito kuliko yote katika visa hivi vinne, kwa sababu halikutendwa na mfalme mwenye tamaa bali na watu waliosoma Biblia kwa bidii na waliodhani kwa dhati kwamba wanaulinda mji wa Kikristo.

Haikuwa Zürich peke yake. Baraza la Dola la Speyer la mwaka 1529 linakumbukwa kwa sababu watawala sita na miji 14 walitoa pingamizi kwa ajili ya dhamiri zao, na kutokana nalo tukapata jina la Waprotestanti. Baraza hilohilo lilipitisha, kwa kuungwa mkono na watawala hao, sheria ya kuwaua wanaobatiza upya.

Waliobaki walijipanga bila dola. Mkutano wa Schleitheim wa Februari 1527, ulioongozwa na Michael Sattler, uliamua kwamba wafuasi wao wasishike upanga, wasile kiapo na wasikalie kiti cha hakimu. Sattler aliuawa Mei mwaka huohuo. Mwalimu asiwapambe, hata hivyo, kana kwamba kila aliyebatiza upya alikuwa mwanakondoo. Mwaka 1534 kundi jingine liliuteka mji wa Münster, Jan van Leiden akajitangaza mfalme, ndoa za wake wengi zikaamriwa na wapinzani wakauawa, hadi mji ulipoanguka Juni 1535. Upanga ulipoingia mikononi mwao, ulifanya kazi ileile. Ni baada ya aibu hiyo ndipo Menno Simons, padri wa zamani wa Uholanzi, alipowakusanya waliotawanyika na kuwarudisha katika njia ya amani.

Zwingli mwenyewe alikufa vitani. Mwaka 1531 Zürich na washirika wake walizifungia njia za nafaka na chumvi wilaya tano za Kikatoliki za Uswisi ili kuzilazimisha zikubali mahubiri ya Kiprotestanti. Wilaya hizo zikashambulia, na tarehe 11 Oktoba, pale Kappel, Zwingli aliuawa pamoja na watu wa Zürich wapatao 500, wachungaji wengi wakiwemo. Baraza lililofiwa hivyo liliwataka wahubiri wasijiingize tena katika mambo ya utawala. Heinrich Bullinger, kijana wa miaka 27 aliyeitwa kushika nafasi hiyo, alikubali kwa sharti kwamba mahubiri ya Neno yasifungwe, hata yanapomgusa mtawala, na baraza likakubali. Alihudumu hadi alipofariki mwaka 1575.

Kuchagua

Kwa usharika wa Kilutheri nchini Tanzania, ambao imani yake ilifika kupitia misioni za Kijerumani, Saksonia ni jambo la nyumbani, na ningeshauri isiishie kwenye mlango wa kanisa la Wittenberg bali ifike kwa Philipp wa Hesse, kisha ivuke hadi Barmen mwaka 1934, ambako baadhi ya warithi wa kanisa hilo la dola walitangaza kwamba Kanisa halina bwana mwingine ila Kristo. Uingereza inahitaji vipindi visivyopungua vinne, kwa kuwa kila mfalme alibadilisha mwelekeo, na inafaa zaidi kwa kikundi chenye uvumilivu wa kufuatilia sheria na fedha. Waanglikana wa Afrika Mashariki watapata humo swali lao la pekee: makanisa yao yamerithi liturujia ya kanisa la mfalme bila kurithi mfalme, na Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Uganda mwaka 1977 baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji, alisimama bila ulinzi wa kiti chochote cha enzi. Geneva ichaguliwe na Wapresbiteri, ambao wazee wao wa kanisa wanatokana na mpango huo kupitia Scotland, na pia na yeyote anayetaka kujadili nidhamu ya Kanisa dhidi ya waumini wenye vyeo. Lakini asifundishe mwaka 1555 bila mwaka 1553.

Ikiwa kikundi kimechanganyika, au vipindi ni viwili tu, mimi ningechagua Zürich bila kusita. Ndani ya mji mmoja na miaka 12 wanafunzi wataiona njia ya kwenda na dola, njia ya kwenda bila dola, na mapatano ya Bullinger yaliyojaribu kupita katikati. Hawahitaji kujua nasaba za wafalme wala hesabu za kura za wateuzi. Tena kisa hiki kina warithi karibu nasi, kwa kuwa Wamennonite wapo mkoani Mara tangu wamisionari wao walipoanza kazi Shirati mwaka 1934, na mwaka 2010, mjini Stuttgart, Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni liliomba msamaha rasmi kwa Wamennonite kwa mateso waliyotendewa mababu zao katika imani. Kipindi cha kwanza kianzie Oktoba 1523, nusu ya kikundi ikimtetea Zwingli na nusu ikimtetea Stumpf, kabla hawajaambiwa lolote kuhusu mto Limmat. Cha pili kichukue hukumu ya Manz, Münster na Kappel kwa mfuatano huo, kisha sharti la Bullinger liwekwe mezani, wanafunzi waulizwe ni nani katika usharika wao angeweza kulitamka leo mbele ya mgeni wa heshima.